Mosasauri, kenge wa bahari ya kale

Mosasauri hakuwa dinosauri, na kumwita "dinosauri wa baharini" ni kumtia katika ukoo usio wake. Jina lake linatokana na Mosa, yaani mto Meuse kwa Kilatini, na sauros, mjusi kwa Kigiriki. Mwanajiolojia William Conybeare alimpa jina hilo mwaka 1822, miaka mingi baada ya wachimba mawe ya chokaa karibu na Maastricht, Uholanzi, kufukua mataya yake. Johann Hoffmann, tabibu wa mji huo, alidhani ni mamba. Mwanaanatomia Petrus Camper akasema ni nyangumi. Wafaransa walipouteka mji mwaka 1794, fuvu lilipelekwa Paris, na liko huko mpaka leo. Mwaka 1799 Adriaan, mwana wa Camper, ndiye aliyeona kwamba mifupa ile inafanana na ya kenge, na mwanasayansi Georges Cuvier akakubaliana naye. Msafara wa mamba na kenge wamo!

Ukitazama ndani ya kinywa chake utaona kilichompa ubabe. Mbali na meno ya tayani, kaakaa lilikuwa na safu mbili za meno yaliyopinda kuelekea kooni, kama ya chatu. Samaki akishanaswa, kila alipofurukuta alizidi kusogea ndani. Taya la chini nalo lilikuwa na kiungo katikati ya kila upande, likaweza kutanuka kidogo. Wakubwa wao walipita mita 10. Miguu iligeuka mapezi, na kisukuku kutoka Yordani kimeonyesha ncha ya mkia iliyotanuka kama ya papa. Hata hivyo walipanda juu kuvuta hewa, na walizaa badala ya kutaga. Walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Kwa Kiswahili, basi, tuandike mosasauri, sambamba na dinosauri, na pale neno linapotajwa mara ya kwanza tulifafanue kwa "kenge wa bahari ya kale". Ufafanuzi huo naupenda kwa sababu ni wa kweli: unataja jamaa yake halisi, tena mnyama ambaye msomaji wetu amemwona kando ya mto. "Joka la bahari" linavutia zaidi masikioni, lakini linampeleka kwenye ngano, naye aliishi. Mosasauri kwa herufi ndogo awe ukoo mzima. Jenasi moja ndani yake ibaki Mosasaurus, kwa herufi kubwa na mlazo, kama majina yote ya kisayansi ya jenasi.