Mwisho wa reli kwa nani?

Nimekuwa kimya kidogo, asaimenti zilinibana, ila leo lazima niseme. Hapa geto wiki hii gumzo ni TP, yaani mazoezi ya kufundisha, nani kapangiwa wapi. Ukitajiwa Kigoma tu, watu wanakupa pole utadhani umefiwa: "Duh, mwisho wa reli!"

Haya, tuliangalie hilo jina kihistoria. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukihesabu kutoka Dar, kweli inaishia pale. Lakini kwa mtu anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo, pale ndo reli inaanza! Tena jirani tu ni Ujiji, walikopita wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa miaka mingi kabla ya reli, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Hapo palikuwa njia panda, sio mwisho wa dunia.

Ndo maana nasema jina la utani la mji linakuonyesha aliyelitoa alikuwa kasimama wapi. Morogoro wanaiita mji kasoro bahari: milima ya Uluguru ipo, maji yapo, misosi ipo, ila bahari hakuna. Sasa nani kasema mji lazima uwe na bahari? Huyo ni mtu wa Pwani tu! Arusha nayo ni Geneva ya Afrika kwa sababu ya mikutano. Mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa pale mwaka 2000, na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa pale mpaka 2015. Sifa nzuri, lakini kipimo ni Ulaya. Hata Mwanza, Rock City, lile jiwe lake maarufu ziwani linaitwa Bismarck, jina la chansela wa Ujerumani.

Bongo ni habari nyingine. Jina la Dar es Salaam lilikuja na Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima miaka ya 1860. Bongo limetoka mtaani. Chukua ubongo, toa "u", unakuwa mkubwa, maana bila akili nyingi mji huu huuwezi. Watu walijiita wenyewe, jina likaenea nchi nzima. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na serikali ikaja kuhamia kweli, ila Bongo haikuhama na mtu.

Sisi walimu watarajiwa wa historia tuwe makini. Mtoto wa Kigoma akisikia mwalimu anapaita kwao mwisho, atalishika hilo kabla ya tarehe yoyote. Mimi nikipangiwa huko, reli nitaichora ubaoni nikianzia ziwani.

Haya wadau, mji wenu unaitwaje, na nani aliwaita hivyo?