Miaka 25 tangu roboti ivuke bahari kutoa nyongo

Ukisimama Kamembe, paa za Bukavu unaziona ng'ambo. Huko, katika Hospitali ya Panzi aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, ndiko alikofika mara kadhaa Mbelgiji Guy-Bernard Cadière kufundisha upasuaji wa matundu madogo, ule wa kamera na vyombo vyembamba. Wachache hapa Rusizi wanajua kwamba Machi 1997, kwao Ubelgiji, yeye na Jacques Himpens walimtoa mgonjwa mfuko wa nyongo kwa mikono ya roboti, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sifa, lakini, wakazizoa Wafaransa.

Septemba 7, 2001, Profesa Jacques Marescaux aliketi New York mbele ya skrini, vishikio viwili mkononi. Mgonjwa wake, mama wa miaka 68, alilazwa Strasbourg. Kila Marescaux alipogeuza kifundo cha mkono, amri ilipita kwenye mkongo chini ya Atlantiki, roboti iliyoitwa Zeus ikatii, na picha ikarudi: milisekunde 155 kwa jumla. Kando ya mama yule walisimama wapasuaji wengine, wameshavaa glovu, laini isije ikakatika. Haikukatika. Saa moja haikuisha nyongo ikawa nje, na baada ya siku mbili mama akarudi nyumbani. Kazi hiyo waliipa jina la Lindbergh, rubani aliyeivuka bahari hiyo peke yake mwaka 1927.

Siku nne baadaye minara miwili ikaanguka katika jiji lilelile. Nani tena angeuliza habari za nyongo?

Zeus naye hakudumu. Kampuni yake na ile ya roboti da Vinci zilishtakiana kwa hataza hadi mwaka 2003, mwenye da Vinci alipomnunua mpinzani na Zeus akawekwa kando. Mungu mzima wa Wagiriki, kumalizwa na mawakili!

Oktoba 2023 taasisi ya Marescaux, IRCAD, ilizindua kituo chake cha Afrika pale Masaka, Kigali, na madaktari wa bara hili sasa wanajifunzia humo. Ni fahari yetu, sibishi. Ila mgonjwa wa hospitali zetu za hapa Rusizi, Gihundwe au Mibilizi, akiandikiwa rufaa ya Kigali bado anapakiwa kwenye gari na kuukata msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, zaidi ya kilomita 200, ndugu yake amemshikilia kichwa kisigonge kioo.