Uko hapa tangu lini?

Mwaka jana nilikuwa Kampala kwa ajili ya masomo, nikaenda kuomba kibali cha kukaa. Kuingia haikuwa shida. Kukaa njo ilikuwa mambo mengine. Nilibeba faili nzima: pasipoti, barua ya shule, picha, risiti. Mama wa dirishani hakugusa hata barua. Aliuliza tu: "Uko hapa tangu lini?" Nikataja tarehe, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akasema siku zangu zimepita nne. Nenda, rudi na barua ya kujieleza. Nilirudi mara tatu.

Kwenye benchi nilikuwa nimekaa na kijana mwingine. Nilipojibu simu ya nyumbani alinitazama, akauliza kwa Kiswahili chetu: "Wewe ni wa Masisi?" Nikamwambia Nyabiondo. Yeye ni wa upande wa Kitshanga. Tulicheka, halafu tukanyamaza kidogo, maana kila mmoja alishaelewa mwenzake ni wa lugha gani nyumbani. Mimi ni Muhunde, naandika hivyo mapema ili mjue nani anaongea. Babu yake yeye aliletwa kutoka Rwanda wakati wa Wabeleji.

Nasema aliletwa, na neno hilo lina uzito. Wabeleji walishika Kongo kama koloni, na Ruanda-Urundi kwa mandati ya Shirika la Mataifa, na tangu 1925 waliunganisha utawala wa pande zote mbili. Rwanda ilikuwa na watu wengi, na njaa ya Rwakayihura ya 1928-1929 ilikuwa haijasahaulika. Huku Masisi wazungu wa mashamba walilia mikono ya kazi. Bon, mwaka 1937 wakaunda Misheni ya Uhamiaji ya Wanyarwanda, MIB kwa kifupi. Ilifanya kazi hadi 1955 na kuhamisha watu kama 85,000, Gishari kwanza, kisha sehemu zingine za Masisi.

Hapa kuna jambo lilinishangaza niliposoma. Miaka ile ile, mwenyeji wa Kongo mwenyewe hakuruhusiwa kutoka kwenye sheferi yake zaidi ya siku 30 bila karatasi iliyoitwa pasipoti ya kuhama. Yaani mtu wa Nyabiondo aliomba ruhusa kwenda kukaa kwa jirani ndani ya koloni lake, wakati Leta hiyo hiyo inavusha maelfu mpakani. Na hao maelfu, Leta haikuwaambia wazi kama watakuwa wenyeji ao wageni. Gishari iliwapa shefu wao wenyewe, halafu mwaka 1957 ikaivunja sheferi hiyo. Wazee wetu nao waliona vilima vinagawanywa, bila mtu wa kuwaambia mwisho wake ni wapi.

Kisha Wabeleji wakaondoka, na likabaki lile swali la mama wa dirishani.

Chukueni mtu mmoja, aliyefika Gishari mwaka 1938, na mtembee naye. Katiba ya 1964 ilitaka mzazi wa kale wa kabila lililokuwa Kongo kabla ya tarehe 18 mwezi wa kumi 1908: huyu yuko nje. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1972 ikasema waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu kabla ya 1950 ni raia: yuko ndani. Jirani yake aliyeletwa na MIB hiyo hiyo mwaka 1951, sheria hiyo ilimwacha. Tarehe 29 mwezi wa sita 1981 sheria nyingine ikafuta ile ya 1972 na kurudisha kalenda hadi 1885: yuko nje tena. Muzee huyu hakuhama hata mita moja. Alilima maharagwe yake kwenye kilima kile kile, uraia njo uliokuwa unatembea.

Sasa wengi kwetu watasema: na ardhi yetu je? Ni kweli. Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Leta, na wenye nafasi Kinshasa na Goma, wa makabila mbalimbali, wakachukua vilima vizima kwa ng'ombe. Muhunde maskini alipoteza, na Munyarwanda maskini alipoteza pia. Lakini tulikasirikia karatasi ya jirani, na kufuta karatasi yake hakukuturudishia shamba hata moja. Najua sentensi hii itanipatia matusi nyumbani. Mwezi wa tatu 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, na moto ukafika Masisi yote. Tangu pale, ile "tangu lini" kwetu si swali la ofisi.

Sheria inayotumika leo, ya mwezi wa kumi na moja 2004, inaangalia makabila ambayo watu na ardhi yao viliunda Kongo wakati wa uhuru. Wanasheria bado wanabishana kama walioletwa na MIB wanaingia humo. Mimi si mwanasheria. Naona tu kwamba mjukuu wa yule wa 1938 leo ana wajukuu wake.

Mara ya tatu nilimkuta tena yule kijana wa Kitshanga. Faili yake nayo ilikuwa na kasoro, cheti cha kuzaliwa kiliandikwa jina na herufi moja tofauti na pasipoti. Tuligawana chapati na chai ya maziwa nje ya geti. Saa tisa yule mama akafungua dirisha, akatafuta kwenye rundo la faili, akaita kwa sauti: "Wale Wakongomani wawili!"

Tukasimama wote.

Kibali changu kinaisha mwezi wa tisa.