KUTOKA "TWENDAPI?" HADI "NYAYO": ABDILATIF ABDALLA NA KISWAHILI CHA UHAKIKI WA SIASA NCHINI KENYA

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maisha na kazi ya Abdilatif Abdalla kama mwandishi wa siasa. Katika idara zetu, diwani yake, Sauti ya Dhiki, husomeshwa aghalabu kwa ajili ya vina, mizani na lahaja ya Kimvita. Kijitabu kilichomfikisha gerezani hutajwa kwa sentensi moja, kisha husahauliwa. Tunadai kwamba mshairi huyo hafahamiki vyema pasipo kumfahamu kwanza mwandishi wa kijitabu hicho.

Tulizinduliwa na swali la mwanafunzi wetu mmoja, mkaazi wa Nyayo Highrise, mtaa wa maghorofa ulio ubavuni mwa Kibera, jijini Nairobi. Aliuliza: hizo nyayo zilizoupa mtaa wake jina ni za nani, na zilikuwa zikielekea wapi? Darasa lilicheka. Sisi hatukuwa na jibu la haraka, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

2. Malezi

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946, na sehemu ya utoto wake aliipitisha Faza, katika kisiwa cha Pate, akilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh Hussein, aliyekuwa mshairi. Ndugu yake mmoja, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mtunzi wa Malenga wa Mvita. Mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alishiriki katika siasa za Pwani kabla ya uhuru. Kwa hiyo, utungaji na siasa vilikuwa vitu vya nyumba moja. Katika mji wa Mombasa jambo hili si geni: tangu enzi ya Muyaka bin Haji katika karne ya 19, mshairi wa Mvita alitarajiwa kuyasemea mambo ya mji wake.

3. Swali la mwaka 1968

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitenga na Kanu, kikaundwa chama cha Kenya People's Union (KPU). Abdilatif, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika Baraza la Manispaa la Mombasa, alijiunga nacho. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968, wagombea wa KPU walikataliwa kwa jumla, kwa madai kwamba fomu zao zilikuwa na kasoro. Mnamo Novemba mwaka huo kikasambazwa kwa siri kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kiliishutumu serikali ya Kanu kwa kukanyaga haki za raia, kikataka iondolewe. Abdilatif alikamatwa mwezi uliofuata. Mwaka 1969, akiwa bado hajatimiza miaka 23, alihukumiwa kwa kosa la uchochezi kifungo cha miezi 18. Upande wa serikali ukakata rufani, na adhabu ikapandishwa hadi miaka 3.

Anwani ya kijitabu inastahili kuangaliwa na wanaisimu. Mwandishi hakuuliza "Mwatupeleka wapi?", swali ambalo lingewagawa watu kati ya wapelekao na wapelekwao. Alitumia nafsi ya kwanza wingi: sote tumo safarini, na yeye mwenyewe yumo. Kwa kiambishi hicho kimoja, hatima ya nchi imefanywa kuwa jambo ambalo kila raia ana haki ya kuliuliza.

Isitoshe, swali hilo liliulizwa kwa Kiswahili. Tukumbuke kwamba Bunge la Kenya lilijadiliana kwa Kiingereza hadi mwaka 1974, Kenyatta alipoagiza Kiswahili kitumiwe. Upinzani uliosemwa Bungeni kwa Kiingereza ulipaswa kutafsiriwa kabla ya kumfikia mchukuzi wa bandarini. Kijitabu hiki hakikuhitaji mkalimani. Kwa maoni yetu, ukali wa adhabu ile wapaswa kusomwa pia kwa mwanga huo.

4. Gerezani

Kifungo chake alikitumikia Kamiti na Shimo la Tewa, kwa muda mrefu akitengwa na wafungwa wenzake. Huko alitunga mashairi kwa kuyaandika juu ya karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje kisirisiri. Alifunguliwa mwezi Machi 1972. Sauti ya Dhiki ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Shairi la "N'shishiyelo ni Lilo" latuonyesha kwamba gereza halikubadili msimamo wake. Umbo lenyewe la n'shishiyelo, lililohifadhi kiambishi tamati cha zamani cha wakati timilifu, ladokeza jambo lililokwisha kushikwa na ambalo lingali limeshikwa. Hapa lahaja inabeba hoja. Mwalimu anayeifundisha kama pambo la Kimvita tu huipunja.

5. Uhamishoni

Baada ya kufunguliwa, Abdilatif alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1979 alihamia London na kujiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Baadaye akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Huko Uingereza alishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na wengine kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig.

6. Nyayo

Aliposhika urais mwaka 1978, Daniel arap Moi aliahidi kufuata nyayo za Kenyatta. Nyayo zikawa itikadi ya taifa. Tazama uhusiano wa maneno haya mawili: "Twendapi?" ni swali, "Fuata nyayo" ni amri. Nyayo hizo ni zile zile ambazo, miaka 10 kabla, kijana wa Mombasa aliuliza zilikoelekea. Swali halikujibiwa, bali lilifunikwa kwa neno jingine la Kiswahili.

Hata maghorofa ya Nyayo Highrise ni sehemu ya historia hiyo. Yalijengwa wakati wa utawala wa Moi palipokuwa na vibanda, lakini nyumba zikaishia zaidi mikononi mwa watu wa kipato cha kati, huku maskini wa Kibera wakibaki chini wakiyatazama.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kijitabu na diwani ni kazi ya kalamu moja. Twapendekeza visomeshwe pamoja, na historia ya msamiati wa siasa iwe sehemu ya mitaala yetu. Ama mwanafunzi wetu, jibu letu ni hili: nyayo zilikuwa za waliotangulia kutawala, na aliyeuliza zilikoelekea alilipa kwa miaka 3 ya ujana wake. Lisilofaa ni sisi, tunaolipwa kuifundisha lugha hii, kuendelea kuhesabu mizani za shairi na kulikwepa swali.