Uchungu wa Kura katika Katanga, 1957–1960

Kila mara matokeo ya kura yanaposomwa redioni, wengine miongoni mwetu hulala na uchungu moyoni, wakijiuliza kesho itakuwaje. Jambo hili si geni mjini petu.

Mnamo Desemba 1957, Lubumbashi ilipokuwa ingali ikiitwa Elisabethville, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini zao: Albert (ndiyo Kamalondo ya leo), Kenya, Katuba na Ruashi. Wakuu wa komini waliopatikana wengi walikuwa watu wa Kasai, waliokuja kwa kazi za migodi na reli. Wenyeji wa kusini waliumia sana, wakajiona wageni katika nchi ya babu zao. Katika uchungu huo, Oktoba 1958, kikazaliwa chama cha Conakat, cha Moïse Tshombe na Godefroid Munongo.

Mei 1960 mambo yakageuka. Katika viti 60 vya bunge la jimbo, Conakat ilipata 25. Kartel ya Jason Sendwe, yaani Balubakat na rafiki zake, ikapata 23. 12 vikaenda kwa wengine. Tofauti ya viti viwili tu! Sasa walioingiwa na hofu ni Waluba. Wajumbe wa Kartel wakatoka bungeni. Hesabu waliijua: sheria ilitaka theluthi mbili wawepo, yaani 40, na wao wakitoka wanabaki 37. Basi hakuna aliyeweza kuanza kutawala pasipo mwenzake, na hapo palikuwa na nafasi ya kukaa na kusemezana. Nafasi hiyo ilifungwa kule Brussels: katikati ya Juni bunge la Ubelgiji liliibadili sheria, na mara serikali ya jimbo ikaundwa bila Kartel. Kwa maoni yetu, hasara ya siku hiyo ilipita ile ya siku ya kura.

Conakat nayo ilikuwa na uchungu wake: katika bunge la taifa ilipata viti 8 tu kati ya 137, na serikali ya Lumumba haikuipa vyeo ilivyovitazamia. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kujitenga. Kaskazini vita ikawaka. Mwaka 1961 Waluba wa mji huu, makumi ya maelfu, waliacha nyumba zao, wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Wengi walikuwa wamesikiliza Misa pamoja na wale wale waliowakimbia. Mwaka 1962 kambi ikafungwa, na wengi wakapelekwa Kasai. Kwa mtoto aliyezaliwa Elisabethville, huko kulikuwa ugenini.