Siku moja Mwanza na watoto: pa kwenda, na tahadhari ya maji ya ziwa

Mtoto wa Kishapu, Mbogwe au Nyang'hwale mara nyingi huiona Mwanza kwa mara ya kwanza akiwa na rufaa ya Bugando, au familia inapokwenda msibani. Kwenda jijini kutembea tu, wengi tunaona ni mambo ya wenye magari. Sivyo. Ukiondoka alfajiri unaweza kwenda na watoto na kurudi siku hiyohiyo, mradi usitake kuwaonyesha kila kitu. Sehemu moja kubwa na moja ndogo zinawatosha. Mtoto wa miaka mitano akishaburuzwa juani mpaka saa tisa, atakachokumbuka ni miguu kuuma.

Kutoka Shinyanga mjini ni kilomita kama 160 za lami. Kwa watu wa Geita, safari imebadilika tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Lina urefu wa kilomita 3. Zamani foleni ya kivuko iliweza kula saa mbili au zaidi, leo ni dakika chache tu. Mkae na mtoto upande wa dirishani, maana hilo daraja peke yake ni matembezi.

Sehemu kubwa ninayoipendekeza ni Saanane. Ni kisiwa kilicho karibu kabisa na katikati ya jiji, na boti huondokea upande wa Capri Point. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi pale kabla ya Serikali kukichukua kisiwa. Watoto wataona swala, tumbili, kenge na pimbi wakiota jua juu ya mawe, na wataupanda mlima wa mawe wakichungulia ziwa. Chakula kishikeni vizuri, tumbili wa pale hawana aibu.

Kuhusu fedha: Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo kuliko mgeni kutoka nje, na mtoto aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye ada ya kiingilio. Utapewa kumbukumbu namba, ile tunayoita kontroli namba, ulipe kwa simu, kwa hiyo weka salio kabla ya kufika. Uliza pia gharama ya boti kwanza, msije mkakwama getini watoto wameshakiona kisiwa. Kwenye boti kila mtoto avae boya lake, na liwe la saizi yake. La mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini.

Sasa suala la ziwa lenyewe. Mtoto aliyezoea lambo la ng'ombe akiliona Ziwa Victoria atataka kuingia, na hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa na msimamo. Mamba wapo, lakini hatari inayowapata wengi zaidi ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya pembeni yenye majani, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Kumfuta mtoto kwa taulo hakutoshi kumkinga. Huku kwetu watu wengi wanajua kichocho ni kukojoa damu. Hicho kipo, ila kinachotawala kandokando ya ziwa ni kichocho cha tumbo: mtoto huumwa tumbo, huharisha, wakati mwingine choo huwa na damu, na kikikaa miaka huharibu ini. Dalili zinaweza kuja wiki au miezi baada ya safari, wakati hakuna anayekumbuka tena yale maji. Ukimpeleka kituo cha afya, mwambie mhudumu kwamba mtoto aliwahi kuingia ziwani. Dawa ipo, na inatibu.

Kwa hiyo ziwa waliangalie wakiwa nchi kavu. Pale Kamanga, karibu na vivuko, kuna Jiwe la Bismarck, mawe yaliyopandana kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono. Kuyatazama kutoka ufukweni hakuna malipo. Nunueni mahindi ya kuchoma, muwahesabu mwewe wanaogombania dagaa, watoto wameridhika.

Mkienda na bibi au babu, badala ya Saanane fikirini Bujora, makumbusho ya Wasukuma huko Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Ilianzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mwongozaji atawaeleza habari za Bagika na Bagalu, vikundi vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, ila mwacheni bibi naye aongee. Mwezi Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, hao wachezaji mtawaona wenyewe uwanjani, wengine na nyoka mkononi.

Jambo la mwisho ni stendi. Nyegezi, ambako mabasi ya Shinyanga na Geita hushusha, ina watu wengi kuliko mnada wowote mtoto aliowahi kuuona. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi uitie mfukoni mwake, au mwandike mkononi kwa kalamu. Mfundishe jina lako kamili, kwani "mama" hapo stendi ni wengi. Akipotea, toa taarifa polisi papo hapo kwa namba 112, na ipo pia 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo haikati salio. Tiketi ya kurudi kateni mapema, kabla hamjaenda kutembea.