Vumbi la Njano

Kila Juni mikorosho ya Makote inapoanza kuchanua, mjomba hulala na vitambaa viwili kando ya kitanda: kimoja cha pua, kingine cha macho. Utotoni tuliambiwa ni maua. Hata zahanati, nilipopelekwa kifua kikipiga filimbi, niliandikiwa vidonge vya mzio na kuambiwa nikae mbali na maua. Newala, mwezi wa nane, ukae mbali na maua ya mkorosho. Uende wapi?

Swali hilo limenirudia sasa ninapoandika tasnifu ya uzamili kuhusu korosho. Mwaka 1819 daktari John Bostock wa London alieleza mafua yaliyomsumbua mwenyewe kila kiangazi. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester akaonesha kuwa chanzo ni chavua ya nyasi, inayopeperuka. Chavua ya mkorosho hunata, na wabebaji wake wakuu ni wadudu. Kinachopeperuka Makote alfajiri ni kitu kingine, cha njano.

Ni salfa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kisha vijiji vya Ujamaa vikawaweka watu mbali na mashamba yao, bei ikawakatisha tamaa, na mwaka 1979 ukaripotiwa ubwiriunga, kuvu unaofunika maua kwa ungaunga mweupe. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wakashauri salfa ya unga, robo kilo kwa mti, ipulizwe alfajiri kungali na umande na upepo umetulia. Korosho zikarudi. Unga ule ule huwasha macho, pua na koo la anayeuvuta.

Sijamwambia mjomba aache. Ada yangu ilitoka kwenye miti hiyo. Tumepata barakoa badala ya kipande cha kanga, nguo zinaanuliwa jioni, dirisha la upande wa shamba linafungwa kabla mashine haijawashwa. Kigumu ni kunawa. Huku juu tambarareni maji ni ya kununua kwa ndoo.

Msimu uliopita alinawa yeye kwanza, kisha akanisogezea beseni, maji yameshageuka rangi.

“Unaangalia nini, mpwa wangu? Nawa. Yakibaki tutamwagia miche.”